Mama aliyecheka kwenye waya wa gereza: niliyoyaona Voi miaka ya hamsini

Wakuu, hamjambo nyote.

Mimi ni mzee. Nachapa kwa kidole kimoja kwenye tablet niliyonunuliwa na wanangu, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimeukimbia uzi wangu.

Nimewasoma humu mkibishana kuhusu magereza. Wengine mnasema jela inamrekebisha mtu, wengine mnasema inamharibu tu. Wengine mnataka ndugu waruhusiwe kuwatembelea wafungwa mara nyingi zaidi. Nikasema ngoja nami niweke ninachokijua, kwa sababu nilifanya kazi ndani ya gereza nikiwa kijana, na huko nilikutana na jambo ambalo mpaka leo sijaweza kulieleza likaeleweka lote.

Nitawaambia niliyoyaona na niliyoyasikia mwenyewe. Pale nisipojua, nitasema sijui. Jina la gereza nitaliacha, na majina ya watu nimeyabadilisha, maana wajukuu zao wapo na pengine wamo humu humu.

Someni taratibu. Asiyeelewa aulize, nitamjibu bila hasira.

Miaka hiyo ilikuwa ya Emergency, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, na tambarare ya Voi ilikuwa na kambi za watu wa siasa. Sisi hatukuwa kambi. Letu lilikuwa gereza dogo la serikali, la wafungwa wa kawaida: wezi wa ng'ombe, waliopigana, waliochoma nyumba za watu. Mabati, udongo mwekundu, upepo usiochoka. Ukitazama upande wa magharibi unaiona milima ya Dawida, ambayo wengine mnaiita Taita, imejifunika mawingu, kana kwamba kule kuna nchi nyingine yenye maji.

Mimi nilizaliwa huko juu milimani. Nilijifunza useremala misheni, kisha nikaajiriwa kuwafundisha wafungwa. Kwa Kizungu cheo changu kilikuwa Instructor. Wafungwa waliniita Fundi, basi.

Serikali ilikuwa imeanza kusema kwamba mfungwa asikae akivunja mawe tu, afundishwe kitu cha kumsaidia akitoka. Kwa hiyo tulikuwa na useremala, kusokota kamba za katani, kufyatua matofali, na bustani ya mboga. Alasiri kulikuwa na darasa la kusoma na kuandika. Vijana wa leo mnaita rehabilitation. Sisi tuliita "kazi ya ndani", na nawaambia kweli, iliwasaidia wengi. Nimeona mtu aliyeingia hajui kushika nyundo akatoka anatengeneza kabati.

Mfungwa aliyefanya vizuri alipandishwa daraja. Na daraja lilikuwa na maana kubwa siku ya wageni.

Wa daraja la juu alikaa na mgeni wake kwenye meza, chini ya kibanda cha makuti. Aliweza kumshika mkono.

Wa daraja la chini alionana na mgeni wake kwenye waya.

Nielezee huo waya, maana mambo yote yalitokea hapo. Kulikuwa na nyua mbili za waya zilizokwenda sambamba. Mfungwa ndani, mgeni nje, na katikati ujia ambamo askari alitembea huku na huku. Ujia ulikuwa mpana kiasi kwamba mkinyoosha mikono nyote wawili, hamgusani. Sheria zilikuwa chache. Hakuna kupitisha kitu. Ongea kwa sauti. Ongea Kiswahili tu, ili askari asikie mnachosema. Kengele ikilia, mmemaliza.

Lifikirieni hilo la lugha. Mama ametoka milimani, Kiswahili chake ni cha sokoni. Lililomleta liko moyoni kwa Kidawida. Basi anabaki na "hujambo", "unakula", "yule mbuzi amezaa". Kengele. Kwaheri.

Sasa nije kwa Mwakio.

Mwakio alikuwa kijana wa rika langu, wa milimani kama mimi, ingawa hatukutoka kijiji kimoja. Alifungwa kwa kumkata kaka yake mkubwa, Nyambu, kwa panga. Waligombania maji. Kwetu maji ya shamba huletwa na mfereji kutoka juu, na kila nyumba ina zamu yake. Nyambu aliyafungulia kwake siku ambayo haikuwa yake. Yakaanza maneno, kisha panga. Nyambu hakufa, lakini vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena.

Mwakio alijuta sana. Aliomba msamaha kortini. Aliwaomba wazee wa ukoo. Alimtuma mchungaji kwa Nyambu kumwombea msamaha. Karakanani alikuwa mtulivu, anasikiliza, mkono mwepesi. Nikajisemea, huyu atapanda daraja mapema.

Kisha vitu vyake vikaanza kupasuka.

Kwanza kigoda. Kiliwekwa rafuni kizuri kabisa, na mchana jua likiwa kali tukasikia: ta! Kama mtu amevunja kijiti kikavu karibu na sikio lako. Tukaenda kutazama, kimepasuka katikati.

Wenzake walicheka. Kulikuwa na mwizi mmoja wa ng'ombe kutoka upande wa Taveta, mtu wa utani sana, akasema, "Fundi, huyu mpe kuni apasue. Hata shoka hatahitaji, aziguse tu."

Mimi sikushtuka. Ubao una maji ndani yake hata kama hauyaoni. Ukiuleta tambarare ya Voi kabla haujakauka vizuri, joto linayavuta yale maji haraka na ubao unapasuka. Nilimweleza Mwakio hivyo, nikamwambia asivunjike moyo, wanafunzi wote hupitia hapo.

Kikapasuka kiti. Likapasuka sanduku.

Basi nikafanya jaribio. Nilichukua ubao mmoja, mkavu, niliouchagua mwenyewe. Nikaukata katikati. Nusu nikampa Mwakio, nusu nikampa yule wa Taveta. Nikawaambia watengeneze vigoda vya aina moja, nikaviweka rafu moja, kimoja ubavuni mwa kingine.

Cha yule wa Taveta kilikaa. Cha Mwakio kilipasuka, na hakikupasuka kwa kufuata nyuzi za mti. Ufa ulizikata nyuzi, ukapita kinyume. Mafundi mliomo humu mnajua ninachosema. Ubao hauendi hivyo wenyewe.

Siku ile hakuna aliyetania. Yule wa Taveta alisogeza benchi lake mbali na la Mwakio, polepole, bila kumtazama. Mwingine akasogeza lake. Kesho yake nilikuta Mwakio anafanya kazi peke yake upande mmoja wa karakana, na wengine wote wamebanana upande wa pili.

Halafu mwili wake nao ukaanza. Midomo ilipasuka. Ngozi ya mikono ilikuwa kavu kama gome. Alikonda mbele ya macho yetu. Uji haukushuka, na hata maji alikuwa akiyarudisha. Mganga wa zahanati yetu alimpima, akampeleka hospitali, akarudishwa na vidonge na maneno kwamba hawajaona kitu.

(Natuma kwa vipande, na kuna mkuu ameuliza hapa katikati kama haikuwa TB tu. Swali zuri, usione haya kuuliza. Walimsikiliza kifua na kumpima makohozi, hawakuipata. Inawezekana kulikuwa na ugonjwa ambao vifaa vya siku hizo havikuuona. Silikatai hilo. Naeleza tu ilivyokuwa.)

Siku moja nilikuwa namwonyesha tena namna ya kupiga randa, akaweka randa chini.

"Fundi, usihangaike na mbao. Shida haiko kwenye mbao."

"Iko wapi?"

"Nimeshikwa na hasira ya mtu wangu. Kaka yangu bado ananibeba moyoni. Asipoitoa, nitafia humu ndani."

Aliyasema kama mtu anavyosema mvua itanyesha.

Wakuu, hapa nisimame kidogo niwaeleze wasiotoka kwetu. Wadawida wa zamani waliamini kwamba hasira ya ndugu ikikaa moyoni humdhuru aliyekosea, au hata watoto wake. Haihitaji uchawi. Haihitaji mwenye hasira atake. Anaweza hata asijue kwamba anayo. Ndiyo maana kulikuwa na desturi ya kutasa. Mwenye hasira hujaza maji kinywani, au pombe ya miwa, huyapuliza nje kama umande, na kutamka kwamba ameitoa: fulani awe na afya, nyumba iwe na amani. Lakini lazima iwe kweli. Ukitasa kwa mdomo huku moyo umekaza, umepoteza maji bure.

Sisi watu wa misheni tulikuwa tumefundishwa kuacha mambo hayo. Tulisamehe kwa kusali. Kutasa tuliona ni kwa wale ambao hawajabatizwa. Nyumba ile ilikuwa imegawanyika hivyo: Nyambu alifuata desturi za wazee, mama yao alikuwa wa kanisa, tena wa mstari wa mbele.

Huyo mama tulimwita Mama Nyambu, kwa jina la mwanawe mkubwa. Hakukosa siku ya wageni hata moja. Alishuka kwa miguu mpaka Mwatate, akapata lori la katani mpaka Voi, na ndizi zake kwenye kikapu ambazo kila mara zilikataliwa langoni, na kila mara alizileta.

Na alikuwa anacheka. Ndivyo kila mtu alivyomjua. Anacheka na askari, anacheka na wageni wenzake, anacheka na mwanawe kwenye waya mpaka anafuta machozi.

"Umekonda, Mwakio! Haya, rudi nyumbani tukutundike shambani uwatishe ndege!"

Na watu wote wanacheka. Askari walimpenda. Walisema mama huyu ana moyo mweupe.

Mwakio alipozidiwa nilituma ujumbe kwa Nyambu kupitia mtu wa kwetu. Siku ya wageni iliyofuata, Mama Nyambu akaja na Nyambu.

Msimamizi wa waya alikuwa Sajini Juma, mtu wa mbali, aliyewahi kupigana vita Burma. Mkali lakini si mbaya. Alimsimamisha Nyambu.

"Jina lako?"

Nyambu kimya.

"Nakuuliza jina. Huna ulimi?"

Mama akacheka. "Meno, Bwana Sajini! Meno yanamsumbua huyu tangu jana. Niulize mimi."

Wakapita. Nyambu akasimama kwenye waya, Mwakio ameshikiliwa na mwenzake upande wa pili. Nyambu akaushika waya kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia, wa vidole vilivyokufa, akauinua mbele ya uso wake. Kisha akapuliza.

Yalikuwa maji. Alikuwa ameyaweka kinywani tangu kwenye pipa la langoni. Na kwa kuwa Sajini Juma alikuwa akipita katikati wakati ule, sehemu kubwa ya baraka ilimwangukia yeye.

"Wewe! Unanitemea mate? Mimi?"

Nyambu hakumsikia. Alikuwa anatamka, kwa Kidawida, haraka, machozi yanamtoka. Kwamba ameitoa. Kwamba mkono wake na uwe sadaka. Kwamba mdogo wake na ale, alale, anone.

"Kiswahili! Kiswahili hapa!"

"Nimemaliza, Afande," Nyambu akasema kwa Kiswahili.

"Umemaliza nini? Toa huyu!"

Wakamtoa. Na Mwakio akafungiwa wageni kwa sababu ya fujo.

Jioni nilimfuata Sajini nikamweleza taratibu, kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza huku akikung'uta shati ambalo lilikuwa limekauka zamani.

"Kwa hiyo mimi nimebarikiwa?"

"Kidogo, Afande."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Huyo kijana anakufa kweli?"

"Anakufa."

Akaenda mwenyewe kwa Bwana Mkubwa, yule mzungu msimamizi wa gereza, akamwombea Mwakio arudishiwe wageni. Akarudishiwa.

Na Mwakio akala. Alikula siku kadhaa, akacheka na mwenzake, akarudi benchini akaanza stuli mpya. Tukashukuru. Hata wale waliohamisha mabenchi walianza kumsogelea.

Kisha: ta!

Nakumbuka jinsi alivyoitazama ile stuli. Hakuonyesha huzuni. Alionekana kama mtu aliyejibu swali vizuri na bado ameambiwa amekosea.

"Alitoa," akasema. "Nilimwona. Kaka alitoa kweli. Sasa ni nani?"

Usiku uleule akaacha kula tena, na safari hii hali ikashuka haraka. Kila mtu aliona kwamba mwezi mwingine hataumaliza.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Siku ya wageni ikafika. Karakana siku hiyo ilifungwa, lakini mimi nilikuwa na funguo na nilikwenda kuchukua patasi yangu. Ilikuwa mchana, jua la utosini, upepo umesimama, jambo ambalo Voi si la kawaida. Ukuta wa karakana ulipakana na uwanja wa wageni. Sikuwaona watu lakini niliwasikia.

Nikamsikia Mama Nyambu akicheka.

Na nyuma yangu, rafuni: ta!

Nikageuka. Lilikuwa sanduku la Mwakio, lile lililopasuka zamani. Limepata ufa mwingine.

Nikasimama. Huko nje mama akasema kitu, watu wakacheka, naye akacheka juu yao wote, kile kicheko chake kirefu.

Ta! Kiti.

Nilibaki na patasi mkononi. Nilijiambia ni joto. Nilijiambia ubao uliokwisha kupasuka huendelea kupasuka, na hiyo ni kweli. Nikangoja. Kukawa kimya, wageni wengine wanaongea, watoto wanalia, karakanani hakuna kitu. Nikaanza kupumua.

Mama akacheka.

Ta!

Nikatoka nje. Nilikwenda mpaka pembeni mwa waya nikamtazama. Wakuu, sikuwa nimewahi kumtazama. Nilikuwa namsikia tu, kama wengine wote. Mdomo ulikuwa wazi, mashavu yamepanda, mabega yanatikisika. Macho yalikuwa yametulia kabisa. Yalikuwa yanamtazama Mwakio kama mtu anavyotazama shimo aliloambiwa asilitazame.

Nilimkuta Mwakio kwenye zahanati baadaye.

"Mama yako umemwomba msamaha?"

Hakunielewa. "Mama? Kwa lipi? Nilimkata kaka, sikumkata mama."

"Umewahi kumuuliza?"

"Fundi, mama hana neno. Ni mtu wa kanisa, alisamehe siku ileile. Si unamsikia anavyocheka?"

"Namsikia," nikasema. "Muulize."

Sikumwambia habari ya karakana. Mgonjwa haongezewi hofu. Nilimshika tu mkono, nikamwambia swali halina gharama, kama hana neno atasema hana neno.

Mara iliyofuata alibebwa mpaka kwenye waya na watu wawili, akakalishwa juu ya debe. Nilimwomba Sajini Juma nisimame ujiani pamoja naye. Aliniruhusu.

Mama Nyambu alikuja peke yake. Alipomwona mwanawe juu ya debe akaanza. "Haa! Sasa umekuwa chifu, unapokea watu umekaa!"

Wageni wakacheka. Mwakio akangoja wamalize.

"Mama," akasema, sauti haikufika mbali. "Siku ile ya mfereji. Wewe nilikukosea nini?"

Mama akacheka.

"Nakuuliza, mama. Sijawahi kukuuliza."

Kicheko kiliendelea kidogo, kama gurudumu linavyoendelea baada ya kuacha kulisukuma. Kisha kikasimama. Na uso uliobaki, wakuu, sikuwa nimewahi kuuona. Ulikuwa mzee kuliko ule mwingine. Watu waliokuwa karibu naye kwenye waya walisogea kando bila kuambiwa.

Akaanza kuongea kwa Kidawida, sauti ya chini.

Sajini Juma akageuka. Akafungua mdomo kusema Kiswahili. Akamtazama yule mama, akaufunga.

"Anasema nini?" akaninong'oneza.

"Anasema ukweli, Afande. Mwache."

Alisema: Nilikuwa katikati yenu. Umesahau? Nilikuwa nimekushika kiuno nikikulilia, na ulimkata kaka yako juu ya bega langu. Damu yake iliniingia mdomoni. Niliimeza.

Alisema: Umemwomba msamaha hakimu, ambaye hakujui. Umewaomba wazee. Umemwomba kaka yako mara mbili. Mchungaji alikuja nyumbani akanipita mlangoni akaenda kwa Nyambu. Hakuna aliyeniuliza mimi. Kila mtu alisema mama amesamehe. Nami nikasema labda nimesamehe, maana mimi ni mtu wa kanisa. Nikasali. Nikacheka. Kila nikicheka nasikia ile damu.

Mwakio alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. "Nisamehe, mama," akasema. "Nisamehe, nisamehe." Hakuwa na machozi, mwili ule haukuwa na maji ya kutoa.

Mama alisimama tu. Muda wa kengele ukafika na kupita. Askari wa langoni akatutazama, Sajini Juma akamwashiria kwa mkono: ngoja.

Nilimwambia yule mama, kwa lugha yetu, kwa adabu, kwamba akitaka maji, yapo.

"Siwezi kusema nimetoa kama sijatoa," akasema. "Usiniharakishe, mwanangu."

Basi tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo maishani. Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza, hata watu ambao hawakujua neno la Kidawida. Nilimwona akipigana, ingawa hakutikisa hata kidole. Nilimwona mara mbili akikaribia kucheka, na mara mbili akijizuia.

Kisha akanyoosha mkono.

Sajini Juma alivua chupa yake ya maji kiunoni, ile ya kijeshi, akampitishia kwenye waya. Yeye mwenyewe, mtu wa hakuna kupitisha kitu. Mama akanywa, akashika maji kinywani muda mrefu, akafumba macho. Akapuliza.

Hayakufika mbali. Yaliangukia udongo wa ujia, vitone vidogo, udongo ukayanywa. Akatamka maneno machache mno. Akaweka kichwa kwenye waya, akalia kwa sauti nzito ya kutisha, na hakuna aliyemwonea aibu.

Jioni ile Mwakio aliomba uji. Ulikaa tumboni. Asubuhi akaomba mwingine.

Alipona polepole. Alipanda daraja, na mama yake alikuja akakaa naye kwenye meza, akamshika mkono. Alipotoka alifungua karakana ndogo Mwatate na aliishi miaka mingi. Mama Nyambu nilikutana naye sokoni siku za baadaye. Alinisalimu kwa sauti ya kawaida ya mama aliyechoka na aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Hakucheka hata kidogo, nami nilifurahi.

Msiniulize kuhusu mbao. Nilishasema nisipojua nitasema sijui.

Ninachojua ni hiki. Gereza lilimpa Mwakio ufundi, na ni jambo jema, tuendelee kulitetea. Lakini lile lililomrudisha kwa watu lilitokea kwenye waya, siku ya wageni, kwa lugha iliyokatazwa, kwa sababu askari mmoja alikubali kunyamaza. Wale mnaofanya kazi hiyo leo, wapeni watu muda na waacheni waongee lugha yao.

Na kwa sisi wengine: mtu akikosea nyumbani, tunakimbilia kwa aliyeumizwa waziwazi. Yule aliyesimama katikati tunamsahau, hasa akiwa mchangamfu, hasa akiwa mtu wa dini. Tunasema huyu hana neno. Tunajuaje?

Karibuni mchangie. Wenye ndugu waliofungwa, wenye kujua desturi hii zaidi yangu, hata wenye kupinga, nitasoma yote kwa kidole changu kimoja. Ila kabla hujaandika, kama kuna mtu kwenu ambaye kila mmoja anasema hana neno, mpigie simu kwanza umuulize. Uzi utakungoja.